Pombe ya kuondoa aibu chuoni: dhana na ukweli

Dhana: Mwenye tatizo ni yule anayewapita wote kwa kunywa.
Mwanafunzi mwenye hofu ya kijamii, yaani kuogopa mno kutazamwa na kuhukumiwa na watu, mara nyingi hazidishi chupa kuliko wenzake, ila madhara humwandama zaidi. Angalia anakunywa lini: peke yake bwenini kabla ya sherehe, au asubuhi kabla ya kuwasilisha kazi darasani. Baa haonekani, ndiyo maana hata wa chumba kimoja naye huchelewa kumgundua.

Dhana: Ni haya tu, akizoea zitamtoka.
Haya za mgeni huisha kwa wiki chache. Hofu ya kijamii kwa kawaida huanza kabla ya chuo, na huhesabiwa kuwa ugonjwa ikidumu miezi 6 au zaidi na kumfanya mtu akwepe semina au ashindwe kumwuliza mhadhiri swali.

Dhana: Pombe huleta ujasiri.
Huukopesha. Pombe hupooza ubongo kwa saa chache, nao ubongo hujikaza kufidia. Pombe ikitoka, mkazo hubaki: moyo mbio, jasho, mikono kutetemeka. Mwenye hofu hudhani jana aliaibika, kumbe ni pombe inayomtoka. Akizimua, yaani akinywa tena kutuliza hali hiyo, anatulia, kisha yanaanza upya. Baya zaidi, akiongea vizuri sifa zote huchukua chupa. Hapati nafasi ya kuona kwamba hofu ingeshuka yenyewe.

Dhana: Kibapa kimoja si kitu.
Piga hesabu: mililita × asilimia ya kilevi ÷ 100 × 0.79 (uzito wa mililita moja ya kilevi kwa gramu). Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi. Kibapa, kile kichupa cha pombe kali, cha mililita 200 chenye asilimia 35 kina gramu 55. Ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, wala kahawa au maji baridi hayaliharakishi. Aliyemaliza kibapa saa sita usiku huenda akaingia kipindi cha saa moja asubuhi bado ana kilevi damuni.

Dhana: Dawa yake ni kumsukuma jukwaani.
Hapana, akianguka hapo atarudi chupani. Tiba hupanda ngazi, bila pombe: swali moja kwa wenzake watatu, kisha dakika mbili mbele ya kikundi, kisha semina. Kila ngazi irudiwe mara kadhaa kwa wiki, na asiondoke hofu ikiwa kileleni. Akikimbia hapo, ubongo hujifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kushika simu au kukariri sentensi kichwani nako ni kukimbia. Ushauri nasaha wa chuo ndio mlango wa kwanza. Zipo pia dawa za hospitali, ila huchukua wiki kadhaa kufanya kazi.

Dhana: Akiamua, aache leo leo.
Anayekunywa sana kila siku asikate ghafla peke yake. Degedege huweza kumpata ndani ya saa 48. Aanzie kwa daktari.