Rimoti ya Droni: Shika Antena Vizuri Kabla ya Kuhangaikia Kamera

Picha ikianza kukatakata kwenye skrini, wengi huielekezea droni ncha za antena, kama mtu anayenyoosha kidole. Wanazidisha tatizo. Antena ya rimoti hurusha mawimbi kwa ubavuni. Nchani huwa hafifu kabisa. Droni ikiwa mbali mbele yako, simamisha antena zote mbili sambamba, ubapa wake uitazame droni. Ikiwa juu ya utosi wako, zilaze. Na usiipe mgongo: mwili una maji mengi, na maji hunyonya mawimbi. Majani mabichi hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana mawasiliano hudhoofu mara droni inapopita nyuma ya miti.

Rimoti nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4 au 5.8. Ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya vizuizi vizuri, lakini Wi-Fi nayo imejaa humo. Penye majumba mengi, 5.8 mara nyingi huwa na nafasi, mradi sheria za nchi uliyopo zinairuhusu.

Washa rimoti kwanza, droni baadaye. Ukizima, anza na droni, isibaki hai bila wa kuiamuru. Usiruke kabla GPS haijashika na droni haijarekodi mahali ilipoondokea, kwani ndipo itakaporudi mawasiliano yakikatika. Kimo cha kurudi kizidi kila kitu kilicho karibu. Ukiweka mita 30 penye mnara wa mita 40, droni inaweza kuuvaa.

Picha ikiganda, achia vijiti. Droni yenye GPS itatulia hapo hapo angani. Video hubeba data nyingi kuliko amri za vijiti, hivyo mara nyingi hutangulia kupotea huku droni bado inakusikia. Geuka uikabili, rekebisha antena, pandisha kimo kidogo. Bado kimya? Bonyeza kitufe cha kurudi nyumbani.

Kwa upande wa kamera, gurudumu lililo chini ya kidole cha shahada cha kushoto, kwenye rimoti nyingi, huinamisha na kuinua kamera. Lizungushe taratibu, na punguza kasi yake kwenye mipangilio. Video nyingi huharibiwa na kamera inayoinama kwa mshtuko. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, weka shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100. Juani picha itaungua kwa weupe, kwa hiyo funga kwenye lenzi filta ya ND, yaani kioo cheusi cha kupunguza mwanga: ND16 huruhusu sehemu 1 tu ya 16 ya mwanga. Usiharakishe shata badala ya filta, mwendo utaonekana wa kurukaruka.

Kisha hakikisha saa ya kurekodi inahesabu. Kosa la kawaida ni kubonyeza mara mbili: ya kwanza inaanzisha, ya pili inasimamisha. Video kamili huandikwa kwenye kadi iliyo ndani ya droni, si kwenye simu, kwa hiyo skrini kuganda hakuiharibu. Kinachoiharibu ni kuzima droni kabla hujasimamisha kurekodi.