Ukishazaa, PCOS haijaisha

"Zaa tu, itaisha." Mwenye PCOS, yaani mvurugiko wa homoni unaowapata wanawake, huambiwa hivyo, kana kwamba shida nzima iko kwenye ovari. Hata vile "vivimbe" vya ultrasaundi si uvimbe. Ni vifuko vya mayai ambayo hayakukomaa. Kwa wengi kiini ni insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini: mwili hauiitikii vizuri, kongosho linazidi kuimwaga, nayo inazichochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi. Weusi wa shingoni unaosuguliwa kwa dodoki na limau (ngozi ya watu jamani!) mara nyingi ni dalili ya shida hiyo ya insulini, si uchafu. Kujifungua hakuondoi hilo. Kisukari cha aina ya 2 kinaweza kufuata, hata kwa mwembamba. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 unashauri sukari ipimwe tangu PCOS inapogunduliwa, kisha kila baada ya mwaka 1 hadi 3: unakunywa gramu 75 za glukosi, damu inapimwa saa 2 baadaye.