Lori limeitwa karakana kwa sababu ya ekzosi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kampuni ya magari ikitangaza kwamba malori yake fulani yarudi karakana kwa sababu ekzosi ina kasoro, habari huwafikia madereva na matajiri wao vipande vipande, mara nyingi kwa WhatsApp, na kila inakopita huongezewa chumvi. Matokeo yake, mwenye lori linalohusika hajui kuwa anahusika, na asiyehusika anakosa usingizi.

“Ekzosi ikitoboka ni makelele tu.”

Hii naiweka mbele kwa sababu ndiyo inayoua. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hunata kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Injini ya dizeli hutoa kidogo kuliko ya petroli, na hapo ndipo wengi hujipa moyo kwamba moshi wa dizeli hauna neno. Lakini hicho kidogo kikivuja chini ya kabini, vioo vimefungwa, injini inanguruma na mtu kalala kitandani nyuma ya siti, kinajikusanya. Dereva anaamka kichwa kizito, kichefuchefu, miguu imelegea, anameza dawa ya malaria au anasema ni uchovu wa njia. Foleni za mipakani, kama Tunduma, Kasumbalesa na Malaba, zimelaza watu wengi ndani ya kabini. Ukipata dalili hizo ukiwa ndani ya gari na ukajisikia nafuu ukitoka nje, usirudi kulala humo. Nenda hospitali ukaseme wazi kwamba ulikuwa kwenye moshi wa gari, kwa sababu tiba ya sumu hiyo ni oksijeni. Na utingo naye apelekwe, hata kama anasema yuko sawa.

Jambo la pili ni moto. Tangu viwango vya 2007 vya Marekani, karibu malori yote mapya ya dizeli ya soko lile yamewekewa kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na Ulaya nako vichujio hivyo sasa ni vya kawaida. Kichujio kikijaa, gari hujisafisha lenyewe kwa kuyachoma masizi hayo, na joto ndani yake hufika karibu nyuzi 600 za Selsiasi. Klampu inayobana bomba ikilegea au bomba lenyewe likipasuka, joto hilo linatoka pasipopaswa na kuelekea kwenye waya, bomba la mafuta au nyasi kavu ulipoegesha. Kanuni za usalama wa malori za Marekani zinakataza ekzosi kukaa mahali inapoweza kuunguza waya au mabomba ya mafuta, na zinakataza isivuje mbele ya kabini au chini yake, pamoja na sehemu ya kulala. Kwa hiyo klampu moja mbovu, inayoonekana kitu kidogo, inaweza kuita maelfu ya malori yarudi.

“Fundi atachomelea, yataisha.”

Kanuni hizohizo zinakataza kuiziba ekzosi kwa muda kwa kuizungushia kitambaa au kuibandika kiraka. Sababu inaeleweka na fundi yeyote mkweli: kiraka kinazuia sauti kabla ya kuzuia gesi, kwa hiyo dereva anadhani amepona. Zaidi ya hapo, kasoro mara nyingine haimo kwenye bati kabisa. Machi 2007 Ford iliita zaidi ya pikapu 37,000 za Super Duty za modeli ya 2008, zenye injini ya dizeli ya lita 6.4, kwa sababu ndimi za moto zilikuwa zikitoka mwisho wa bomba la ekzosi. Mafuta yaliyopenya hadi kwenye kichujio yalikuwa yakipandisha joto kupita kiasi. Marekebisho yalikuwa kubadilisha programu ya kompyuta ya gari. Hapo mashine ya kuchomelea ingefanya nini?

“Kata kichujio, matatizo yote kwisha.”

Kuna chembe ya ukweli katika malalamiko yanayozaa ushauri huu. Dizeli ya barabarani Marekani ina kikomo cha salfa, uchafu unaosumbua mfumo wa kusafisha moshi, cha sehemu 15 kwa milioni. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilishuka hadi sehemu 50 kuanzia Januari 2015, na mafuta yaliyochakachuliwa njiani yanaharibu zaidi. Kwa hiyo lori lililoundwa kwa dizeli ile linapata taabu kwetu. Lakini anayelitoboa kopo la kichujio, akatoa sega la kuchujia lililo ndani na kuidanganya kompyuta, ameongeza viungo vya kuchomelea vinavyoweza kuvuja, na kampuni ikileta programu mpya ya kurekebisha kichujio, lori lake halina tena cha kurekebishwa. Masizi nayo yanabaki hewani. Juni 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Wa kwanza kuuvuta ni dereva mwenyewe na mama ntilie wa stendi.

“Kampuni ikiita magari, ujue ni kampuni mbovu.”

Mimi naona kinyume chake. Marekani ina sheria ya usalama wa magari tangu 1966: kampuni ikishaamua kwamba kuna kasoro ya usalama ina siku 5 za kazi kuiarifu mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA. Wa kuogopwa ni anayenyamaza. Huko Yokohama, Japani, mwaka 2002, gurudumu lilichomoka kwenye lori la Mitsubishi likamuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake, na mwaka 2004 Mitsubishi Fuso ikakiri kwamba habu zenyewe, vyuma vinavyoshika magurudumu, zilikuwa na kasoro. Kwa upande wa ekzosi tunaye Hino. Machi 2022 ilikiri kwamba katika jaribio la uimara la injini yake mojawapo, sailensa ya pili ya mfumo wa kusafisha moshi ilibadilishwa jaribio likiwa katikati, kinyume cha utaratibu. Hizi ni chapa tunazozijua mitaani kwetu.

Isichanganywe, hata hivyo, miito ya aina mbili. Mwaka 2018 Cummins, kampuni ya injini ya Marekani, ilikubali kuita malori yapatayo 500,000 ya modeli za 2010 hadi 2015 kwa sababu kifaa cha kusafisha moshi kilikuwa kinachakaa mapema. Huo ulikuwa mwito wa uchafuzi wa hewa, chini ya mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA. Lori la namna hiyo linachafua zaidi, lakini halikuitwa kwa hofu ya kuwaka moto. Soma sababu iliyoandikwa kwenye tangazo kabla ya kuogopa au kupuuza.

“Nililinunua mtumba, kwa hiyo halinihusu.”

Kasoro inasafiri na chesisi. Kinachobaki nyuma ni barua, kwa kuwa kampuni humwandikia mmiliki aliyemo kwenye daftari la nchi ile, wakati lori lenyewe limeshavuka bahari. Kwa Marekani, matengenezo ni ya bure kwa miaka 15 tangu gari liuzwe mara ya kwanza, hata likibadilisha mikono. Sheria hiyo haimlazimishi wakala wa Dar es Salaam au Mombasa, ila hiyo si sababu ya kutouliza.

Chukua namba ya chesisi kwenye chuma chenyewe, usitegemee kadi peke yake. Freightliner au International ya Marekani ina namba ya tarakimu na herufi 17, ambayo unaiingiza kwenye tovuti ya NHTSA. Lori la Uingereza litafutwe kwa DVSA, mamlaka ya madereva na magari ya huko. Fuso au Hino lililouzwa ndani ya Japani lina namba fupi zaidi, kwa hiyo tovuti ya Marekani haitakusaidia. Tumia ya kampuni yenyewe kule Japani. Na jibu la “hakuna mwito” lisikudanganye kwa gari kuukuu, kwani tovuti ya NHTSA kwa kawaida haionyeshi miito iliyopita miaka 15.

Ukikuta mwito ambao haujatekelezwa, andika namba yake na jina la kifaa kinachotajwa, umpelekee wakala wa chapa hiyo kwa maandishi na umuulize kama kampuni italipia. Akikataa, angalau sasa unajua ni kifaa gani cha kuagiza. Mpaka kibadilishwe, asilale mtu ndani ya kabini injini ikiwa inawaka.