Tundu la kombe si kazi ya mawimbi

Wanairobi wengi hurudi kutoka Mombasa na kombe za ufukweni (magamba ya wanyama wa baharini) zenye tundu dogo la duara, wakiamini limetobolewa na mawimbi au fundi wa shanga. Sivyo. Litazame kwa karibu: nje pana, ndani jembamba, kingo laini ajabu. Aliyelitoboa ni konokono wa baharini wa jamii ya Naticidae, anayewinda akiwa amejichimbia mchangani. Humfumbata kombe hai kwa mguu wake mpana, hulainisha gamba kwa asidi na vimeng'enya, kisha hulikwangua kwa ulimi wenye meno. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, hata siku kadhaa! Tundu likipenya, humla kombe humo humo. Mawimbi husaga na kuvunja ovyo tu. Tundu lenye pande zilizonyooka mara nyingi ni la jamii nyingine, Muricidae.