Je, wajua inavyopimwa kama mbolea ya ruzuku kweli imeongeza mahindi?

Agosti 8, 2022, kwenye viwanja vya Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mbolea ya ruzuku. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, uliokuwa umepita shilingi 120,000, ukawa 70,000. Pengo likafidiwa na Serikali. Tuseme kijiji kimetoka magunia 9 kwa ekari hadi 14. Je, hayo matano yote ni ya ruzuku?

Si lazima. Huenda mvua ilikuwa nzuri, au watu waliwahi kupalilia. Ndiyo maana hutafutwa vijiji vya kulinganisha. Ruzuku ikiwa ya nchi nzima, kijiji kisichoguswa hakipo, kwa hiyo huchukuliwa vile ambavyo mbolea ilichelewa kufika hadi mahindi yakapita umri wa kuwekewa. Vile navyo vikiwa vimetoka 8 hadi 11, basi tano toa tatu: mchango wa mbolea ni magunia mawili. Ila usilinganishe Rungwe yenye mvua nyingi na Usangu kwenye ukame. Hesabu itatoka, lakini itakuwa inapima mawingu.

Kinachoharibu tathmini nyingi ni ekari na gunia. Huku kwetu ekari hupimwa kwa miguu, hatua 70 kwa 70. Hatua ikiwa yadi moja, yaani sentimita 91, unapata mita 64 kila upande, na hiyo ni ekari sawasawa. Mwenye hatua ya sentimita 75 anapata mita 52 na nusu tu, kama theluthi mbili ya ekari. Magunia 8 anayoyataja kwa "ekari moja" kumbe ni karibu 12 kwa ekari halisi. Gunia nalo, mmoja anahesabu la debe sita, jirani yake anahesabu lumbesa.

Dawa ni kupima shamba kwa kamba au GPS, kisha kuvuna kipande cha mita 5 kwa 5, kupukuchua, kukausha hadi unyevu wa asilimia 13.5 na kupima kwenye mizani. Kilo 10 hapo ni kama kilo 1,600 kwa ekari. Kipande kichaguliwe kwa kura. Mwenye shamba akiachiwa achague, atakupeleka karibu na zizi, mahindi yalikonenepa kwa samadi.

Halafu kuna mkulima ambaye angenunua mifuko yake miwili hata kwa bei ya zamani. Kwake ruzuku imeokoa fedha, jambo jema kabisa, lakini haijaongeza hata debe. Kumtambua kunahitaji swali moja: msimu uliopita ulinunua mifuko mingapi kwa bei kamili? Liulizwe kabla ya mvua za Novemba, risiti zikiwa bado zipo nyumbani. Likiulizwa Julai, ghala likiwa limejaa, kumbukumbu huwa zimeshachanganyika.