Kila shimo Mwanza lina mwenyewe

Kazi yangu ni kufundisha udereva hapa Mwanza, kwa hiyo barabara za mji huu nazipita polepole kuliko watu wengi. Mwanafunzi kashika usukani kwa mikono miwili, tuko gia namba mbili, daladala nyuma yetu inapiga honi kama tumeiibia. Kwa mwendo huo hakuna shimo linalokupita. Siasa nazo hazikupiti, maana mwanafunzi akishazoea klachi kinachofuata ni kumsema diwani.

Wengi wana haki ya kulalamika. Tatizo ni kwamba lawama inapelekwa mlango usio wake, na mwenye shimo analala usingizi.

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Ile inayotoka mjini kupitia Mkuyuni, Butimba na Buhongwa kwenda Shinyanga ni yao, na ya Mabatini, Igoma hadi Kisesa kuelekea Musoma ni yao pia. Za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu uanzishwe mwaka 2017. Kabla ya hapo halmashauri ilikuwa na mhandisi wake, na madiwani walikuwa wanambana kwenye baraza mpaka anaeleza greda lilipo. TARURA iko chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa. Diwani atasema, atapiga meza, lakini hana mamlaka ya kumwamuru meneja wa TARURA. Kwa maoni yangu hapo tulipoteza kitu, hata kama utaalamu uliongezeka, maana diwani ndiye mtu pekee katika mlolongo huo ninayeweza kumkuta dukani.

Halafu mji wenyewe umegawanyika: Nyamagana ina Jiji, Ilemela ina Manispaa yake. Mkazi wa Kirumba anayemtukana meya wa Jiji anamwonea bure.

Na hela ya matengenezo tunaitoa kila siku. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, serikali ikaongeza ushuru kwenye mafuta. Mwaka 2021 ikaongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara za TARURA. Yaani lita kumi, buku. Bodaboda anayeshinda kijiweni Igogo analipia barabara za mitaa kuliko ofisa anayetembelea gari la serikali, kwa sababu yeye mafuta anayanunua kwa hela yake.

Daraja la Kigongo–Busisi, lile linalovuka ziwa kuelekea Geita, silisemi vibaya. Lilifunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 hivi, limekula zaidi ya shilingi bilioni 700, na aliyewahi kukaa kwenye foleni ya kivuko na mgonjwa garini hahitaji kuelezwa faida yake. Lakini wanasiasa wanapenda daraja kwa sababu linapigika picha. Mtaro wa Mabatini haupigiki picha, mpaka ufurike.

Kitu ninachokisifia mimi ni barabara za mawe zinazopanda milimani. Mji wetu umebanwa kati ya ziwa na majabali, watu wamejenga juu kabisa, na lami kwenye mteremko mkali ina adui mmoja: maji. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kwa kasi, yanachimba pembeni, yanaingia chini ya lami, na lami inabaki inaning'inia. Gari moja la mchanga likipita, imekatika. Jiwe likichomoka unalirudisha. Mawe yako pale pale mlimani, wagongaji kokoto wapo, na vijana wa mtaa wanapata vibarua. Ila mtaro wa pembeni usipojengwa sawasawa, hata mawe yataondoka.

Kuendesha juu ya mawe hayo kuna namna yake. Yakishasuguliwa na matairi yanang'aa, na yakilowa yanateleza. Kupanda, ingia na gia namba moja tangu chini, usibadilishe katikati. Ukilazimika kusimama, vuta breki ya mkono, ongeza mafuta kidogo, achia klachi mpaka usikie pua ya gari inanyanyuka, ndipo ushushe breki. Wanafunzi wanaogopa hapo. "Mwalimu, tunarudi nyuma!" Haturudi, ni bodaboda ya pembeni inayopanda. Kushuka, tumia gia ile ile ambayo ungepandia. Kuweka gari huru ili kubana mafuta ni ujinga. Breki zikipata moto utatafuta ukuta wa jirani.

Na madereva wa malori ya kutoka Musoma kwenda Geita, nawaomba: ipo barabara ya Kisesa–Usagara. Mnaleta tela mjini kufuata nini?

Sasa ukitaka kumuuliza diwani swali la maana, usimuulize barabara itatengenezwa lini. Muulize kama imo kwenye mpango wa TARURA wa mwaka wa fedha ujao, na umuulize mapema, miezi ya mwanzo ya mwaka, bajeti zikiwa bado zinaandaliwa. Ukisubiri Agosti atakwambia bajeti ilishapita, na hapo hatakuwa amekudanganya.