Genk ya Samatta 2018/19: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukitaja KRC Genk katika kijiwe chochote cha Dar es Salaam, utajibiwa "Samatta" kabla hujamaliza sentensi, yaani Mbwana Samatta, mshambuliaji Mtanzania aliyekuwa akiichezea klabu hiyo ya Ubelgiji. Ubingwa wao wa Ubelgiji wa 2018/19 unajulikana Tanzania kuliko ubingwa mwingine wowote wa nchi ile, na kwa sababu hiyohiyo umechanganywa mno. Misimu miwili imeunganishwa ikawa mmoja, tuzo moja imepewa jina la nyingine, na msimamo wa ligi unasomwa kana kwamba ni wa Uingereza.

"Walipita kwa pointi mbili tu, ilikuwa bahati"

Msimamo wa mwisho unaonyesha Genk 52, Club Brugge 50. Anayeishia hapo hajaujua mfumo wa Ubelgiji wa wakati ule.

Timu 16 zilicheza mechi 30 za kawaida. Sita za juu zikaingia mchujo wa ubingwa: mechi 10 zaidi, kila timu ikikutana na nyingine nyumbani na ugenini. Kabla mchujo haujaanza, pointi za kila timu ziligawanywa kwa mbili. Genk walikuwa na 63, Brugge 56. Tofauti ya pointi saba ikalala saba ikaamka nne: 32 kwa 28.

Sasa angalia ile 32. Nusu ya 63 ni 31.5, na kanuni ilikuwa kupandisha nusu iwe pointi kamili. Lakini nusu hiyo ilikuwa ya mkopo. Timu zikimaliza zikiwa sawa, iliyopandishiwa inanyang'anywa. Brugge hawakukopa kitu, maana 56 inagawanyika bila baki. Kwa hiyo wangefungana kwa pointi siku ya mwisho, kombe lingekwenda Brugge bila hata kuangalia tofauti ya mabao. Zile pointi mbili za kwenye msimamo, kwa hesabu halisi, zilikuwa moja na nusu.

Upande wa pili wa hesabu: kwenye mchujo Genk walivuna pointi 20, Brugge 22. Ongeza kwenye pointi za mwanzo bila kugawa chochote, unapata 83 kwa 78. Kwa ligi ya kawaida hizo ni pointi tano, na hakuna ambaye angesema bahati. Kweli walifukuzwa hadi mwisho, na kuondoka kwa kiungo Alejandro Pozuelo kwenda Toronto mwezi Machi, mchujo ukiwa mlangoni, hakukuwasaidia. Ila walijihakikishia kombe tarehe 16 Mei 2019 kwa sare ya 1-1 ugenini Anderlecht, wakiwa bado na mechi moja mkononi.

"Samatta alikuwa mfungaji bora wa Ubelgiji"

Alikuwa wa pili. Alifunga mabao 23 ya ligi; Hamdi Harbaoui wa Zulte Waregem alimaliza na 25. Tuzo aliyotwaa Samatta mwaka 2019 ni Soulier d'Ébène, yaani Kiatu cha Mpingo, ambayo hupewa mchezaji bora wa ligi ya Ubelgiji mwenye asili ya Afrika. Hiyo haihesabu mabao, inapigiwa kura, na Vincent Kompany na Romelu Lukaku wamewahi kuichukua. Neno "kiatu" ndilo lililoleta mkanganyiko. Kwangu mimi tuzo hii ni nzito kuliko ile ya mabao, maana mtu anaweza kufunga 25 akiwa kwenye timu isiyogombea lolote.

"Msimu wa ubingwa ndio aliowafunga Liverpool Anfield"

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Msimu wa ubingwa Genk walikuwa Ligi ya Ulaya (Uropa), tena walianzia chini, raundi ya pili ya kufuzu: Fola Esch, kisha Lech Poznań, kisha Brøndby, ambao Samatta aliwapiga mabao matatu katika ushindi wa 5-2. Kundini walikutana na Malmö, Beşiktaş na Sarpsborg wakaongoza kwa pointi 11. Mechi ya kukumbukwa ni ile ya Istanbul: Genk 4, Beşiktaş 2, mawili yakiwa ya Samatta.

Mechi ya Anfield, uwanja wa Liverpool, ilikuja msimu uliofuata, tarehe 5 Novemba 2019, kwenye Ligi ya Mabingwa. Kona, kichwa, dakika ya 40, ikawa 1-1 kabla Liverpool hawajashinda 2-1.

"Uropa waliiachia makusudi ili wachukue ligi"

Walioitoa Genk ni Slavia Praha, Februari 2019. Kule Prague 0-0, nyumbani Genk wakachapwa 4-1. Wakati ule bao la ugenini lilikuwa bado na uzito wake, likafutwa 2021. Suluhu ya ugenini inaonekana tamu, kumbe ni mtego: sare yoyote yenye mabao katika marudiano inakutoa, kwa hiyo mgeni akishafunga moja huna budi kufunguka, na ukifunguka unaadhibiwa. Na Slavia hawakuwa wanyonge, kwani raundi iliyofuata waliitoa Sevilla, wakaja kusimamishwa na Chelsea, mabingwa wa mwaka ule.

"Kikosi cha mabingwa ndicho kilichoaibika Ligi ya Mabingwa"

Jina la klabu tu ndilo lilikuwa lilelile. Kocha Philippe Clement alikwenda Club Brugge, haohao waliokuwa wakimkimbiza kwenye mbio za ubingwa. Leandro Trossard akaenda Brighton, Ruslan Malinovskyi Atalanta, beki Joseph Aidoo Celta Vigo. Ubingwa uliwapeleka moja kwa moja hatua ya makundi, lakini kwenye chungu cha nne, yaani kundi la mwisho la timu kwenye droo, wakaangukia Liverpool, Napoli na Salzburg. Matokeo: pointi moja, ile ya 0-0 na Napoli nyumbani, mabao matano ya kufunga na 20 ya kufungwa.

Kati ya hayo matano, Samatta alifunga matatu: moja Salzburg katika kipigo cha 6-2, moja Anfield, na moja nyumbani dhidi ya Salzburg haohao walioshinda 4-1. Yangekuwa manne. Oktoba 23, Liverpool walipokwenda Genk, alipiga kichwa mpira ukaingia wavuni, uwanja ukalipuka, VAR, yaani waamuzi wa video, ikarudi nyuma hadi kwenye krosi na kukuta aliyeipiga ameotea.